Mbolea Hutoka Wapi? Kilimo cha Wazee na Kilimo cha Kuhuisha Ardhi

Siku hizi neno jipya limeingia vinywani mwa watu wa kilimo, nalo ni kilimo cha kuhuisha ardhi. Wazee wengi wakitajiwa neno hilo hucheka na kusema, "Hayo tuliyafanya zamani. Tulikuwa na ng'ombe, tulipanda maharage katikati ya mtama, na samadi tuliitia shambani. Mnatuletea jina tu." Vijana nao hufikiri kwamba ni jambo la watu wa ng'ambo wenye matrekta, lisilotuhusu sisi wa jembe la mkono. Katika makala hii nataka kueleza kwamba kila upande una sehemu yake ya ukweli, lakini wote wawili wamesahau kuuliza swali moja kubwa: rutuba inayoingia shambani hutoka wapi?

Tukilishika swali hili mkononi kama taa, tutaweza kuvilinganisha vilimo hivi viwili bila ya kusifu cha zamani kwa kuwa ni cha zamani, wala kusifu kipya kwa kuwa ni kipya.

MAANA YA MAJINA HAYA MAWILI

Kilimo cha mchanganyiko ni kile ambacho mkulima mmoja huwa na mimea na mifugo pamoja, na kila kimoja humsaidia mwenziwe. Mabua na majani huwa chakula cha ng'ombe, na ng'ombe hutoa samadi ya kulisha shamba. Hiki ndicho kilimo cha babu zetu katika sehemu nyingi za nchi zinazozunguka Ziwa Victoria na milima ya jirani.

Kilimo cha kuhuisha ardhi ni jina la juzi. Hakina maana moja iliyokubaliwa na wote, na kwa sababu hiyo yafaa kuwa macho mtu anapokuja kutuuzia kitu kwa jina hilo. Lakini wengi wanaokifuata hushika kanuni tano. Kwanza, ardhi isikae uchi, bali ifunikwe na matandazo au mimea. Pili, udongo usipinduliwe-pinduliwe pasipo sababu. Tatu, mizizi hai iwemo ardhini siku nyingi za mwaka kadiri iwezekanavyo. Nne, mimea iwe ya aina nyingi, wala si mmoja tu mwaka hata mwaka. Tano, wanyama warudishwe shambani. Mkulima wa namna hii hapimi mavuno peke yake. Hutazama pia kama udongo wenyewe ni bora kuliko mwaka uliopita.

KISIWA CHA UKARA

Ili tusizungumze hewani, na tutazame mahali pamoja. Ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe katika nchi ya Tanzania, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 80 tu. Udongo wake ni wa kichanga, uliotokana na mawe ya matale, nao kwa asili hauna rutuba nyingi. Juu ya hayo watu ni wengi: katikati ya karne ya 20 walikuwa kama 200 katika kila kilometa ya mraba. Kwa kawaida udongo kama huo huchoka baada ya miaka michache ya kulimwa, nao hutaka kuachwa upumzike. Lakini Wakara hawakuwa na nafasi ya kuupumzisha. Walilima mashamba yaleyale kila mwaka, na hayakufa. Walifanyaje?

Ng'ombe wao waliishi ndani ya nyumba, katika sehemu iliyochimbwa chini kama shimo. Humo waliletewa majani, na mabaki ya majani hayo yakawa malalo yao. Kinyesi na mkojo vilichanganyika na malalo, vikakanyagwa na kushikana siku baada ya siku. Samadi hiyo ilichukuliwa kichwani hadi shambani.

Akili ya shimo hili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sehemu kubwa ya nitrojeni anayoitoa ng'ombe imo katika mkojo, wala si katika kinyesi peke yake. Nitrojeni ndiyo inayoipa mimea nguvu na rangi ya kijani. Mahali ambapo ng'ombe hulala nje katika zizi la wazi, mkojo huzama ardhini mahali pamoja au hugeuka hewa ukaenda zake, na samadi iliyobaki huchomwa na jua na kuoshwa na mvua. Mkara hakuwa na maabara, lakini alijua kuiweka mali yake chini ya paa.

Kisha walipanda mmea uitwao marejea katikati ya uwele. Marejea ni wa jamii ya kunde. Katika mizizi ya mimea hii huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishika nitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Marejea yakishakua yalifukiwa ardhini yaoze. Katika zamu ya mazao walikuwemo pia mtama na njugumawe, nazo njugumawe ni za jamii hiyohiyo ya kunde. Kando ya maji walichimba vitalu vya kuoteshea majani ya ng'ombe. Hata miti ilikuwa na wenyewe, na majani yake yalikatwa kwa hesabu ili kulisha mifugo.

Basi mzee anaposema "hayo tuliyafanya zamani", kwa Ukara ana haki kabisa. Jamii ya kunde, zamu ya mazao, miti na mifugo, yote yalikuwepo kabla jina jipya halijatungwa.

HESABU YA RUTUBA

Lakini si kila mahali palikuwa Ukara. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukifungua daftari la rutuba katika vilimo vingine vya zamani, twaona kwamba mara nyingi shamba lilishiba kwa sababu mahali pengine palitoa.

Chukua Uchaga, katika mteremko wa Kilimanjaro. Shamba la nyumbani, liitwalo kihamba, lina migomba, kahawa, miti mirefu na viazi vikuu, vyote katika kipande kimoja, na ng'ombe hufungwa nyumbani. Ni kilimo cha kusifika, hata mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha ya mirathi ya kilimo ya dunia. Lakini majani mengi ya wale ng'ombe yalikatwa nyanda za chini na kupandishwa mlimani, mara nyingi juu ya vichwa vya akina mama. Maana yake ni kwamba rutuba ya nyika ilikuwa ikipanda mlima kila siku katika furushi la majani.

Mahali pengine kazi hiyo ilifanywa na ng'ombe wenyewe. Mchana walilisha katika malisho ya wote, jioni walirudi na matumbo yamejaa, usiku wakaacha samadi zizini. Asubuhi samadi ikaenda kwenye migomba. Migomba ikanawiri, na malisho yakapungua kidogo kidogo bila ya mtu kuona, kwa kuwa yalikuwa mapana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ng'ombe haumbi rutuba. Yeye ni mchukuzi. Huichukua mahali na kuileta mahali, tena njiani hula nauli yake, maana sehemu ya alichokula huwa maziwa, nyama na joto la mwili. Kilimo cha wazee kilikuwa kizuri madhali palikuwa na mahali pa kuchukua. Malisho yakiisha, mchukuzi hubaki hana mzigo.

Tena tusidhani kwamba watu wa Ukara walifanya kazi ile ngumu kwa kuipenda. Wakara wengi walihamia bara, kwenye ardhi tele, na walipofika huko waliziacha njia zile. Hawakufunga tena ng'ombe shimoni, hawakufukia marejea, walilima kwa upana kama jirani zao. Hawakusahau elimu yao ziwani. Walipima jasho na faida, wakaona kwamba penye ardhi tele haifai kujichosha. Funzo lake ni hili: mkulima hufuata njia inayolipa jasho lake, na mhubiri wa kilimo asiyehesabu jasho atahubiri peke yake.

JINA LILILOZALIWA NA VUMBI

Sasa na tugeukie kilimo cha kuhuisha. Asili yake ni tofauti. Katika miaka ya 1930 nyanda kubwa za Marekani, ambazo majani yake ya asili yalikuwa yamepinduliwa kwa plau ili kupanda ngano, zilipatwa na ukame. Udongo uliokuwa uchi ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935, wingu la vumbi lilitia giza mchana, hata siku hiyo ikaitwa Jumapili Nyeusi. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaanzisha idara ya kuhifadhi udongo. Baadaye, katika miaka ya 1980, Robert Rodale wa Pennsylvania alilieneza jina la kilimo cha kuhuisha. Yeye alisema kwamba kuhifadhi udongo hakutoshi, maana kuhifadhi ni kukilinda kilichobaki. Yafaa kuurudishia uhai. Tangu mwaka 1981 taasisi yake imekuwa ikilinganisha mashamba ya samadi na jamii ya kunde na yale ya mbolea ya chumvichumvi, bega kwa bega.

Kwa hiyo kilimo hiki kilizaliwa mahali ambapo mimea na mifugo vilikuwa vimekwisha kutenganishwa. Mkulima mmoja alikuwa na ngano pasipo ng'ombe, mwingine alikuwa na ng'ombe pasipo shamba. Kanuni ya tano, ile ya kuwarudisha wanyama, kwao ni habari mpya. Kwetu ni habari ya jana. Lakini kanuni ya kwanza na ya pili, za kufunika udongo na kutoupindua, kwa wengi wetu ni mpya kweli. Wazee wetu wengi walilima kwa kupindua, wakachoma mabaki, na waliacha ardhi uchi ikingojea mvua. Tone la mvua kubwa linapopiga udongo uliolala uchi mlimani, huuvunja na kuuteremsha bondeni. Hapa mzee hawezi kusema "tuliyafanya zamani", ila katika migomba, ambako matandazo yamejulikana siku nyingi.

Tofauti kubwa basi ni hii. Kilimo cha wazee kwa sehemu kubwa kiliikusanya rutuba kutoka mbali na kuileta karibu. Kilimo cha kuhuisha hujaribu kuitengeneza palepale, kwa jua, hewa na mizizi, na kuizuia isitoroke. Palipo na malisho mapana njia ya kwanza hutosha. Pasipo na malisho, ni ya pili tu iliyobaki.

UGOMVI WA MABUA

Je, tuziunganishe njia hizi mbili mara moja, tumalize maneno? Si rahisi hivyo, kwa kuwa vilimo hivi viwili hugombana juu ya kitu kimoja, nacho ni mabua. Mmoja asema, "Mabua mpe ng'ombe." Wa pili asema, "Mabua yaache chini yafunike udongo." Bua moja haliwezi kuwa mahali pawili.

Na tupige hesabu kwa mfano. Tuseme mtu ana ekari moja ya mahindi katika sehemu yenye misimu miwili ya mvua, naye avuna magunia 8 ya kilo 100 kila msimu. Mabua makavu hupata uzito kama ule wa punje au kuzidi kidogo, basi tuseme kilo 1,000 kwa msimu, yaani 2,000 kwa mwaka. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 300 hutaka chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake, ambacho ni kilo 9 kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 3,285. Basi hata akipewa mabua yote, shamba likaachwa uchi kabisa, ng'ombe huyu mmoja angali ana njaa. Na wataalamu husema kwamba matandazo yakifunika chini ya asilimia 30 ya ardhi, hayatoshi.

Hesabu hii fupi ndiyo huangusha shauri zuri la watu wengi. Mtu ananunua ng'ombe wa maziwa wa kisasa kwa sababu amesikia habari za samadi. Kisha anatafuta majani kando ya barabara, anagombana na jirani, mwisho anang'oa hata kile kilichokuwa kikiufunika udongo wake. Ng'ombe amekuwa mlaji wa shamba badala ya mlishaji wake.

DAWA MOJA KUTOKA MBITA

Upande wa Kenya wa ziwa lilelile la Ukara kuna mji mdogo uitwao Mbita. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha wadudu kiitwacho ICIPE, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walitafuta njia ya kuwashinda funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipata njia iitwayo vuta-sukuma.

Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodi, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza. Kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo wengi huyaita nepia. Hayo huwavuta nondo, nao wakitaga huko, funza wengi hawaishi. Tena ikaonekana jambo ambalo halikutazamiwa: mizizi ya desmodi huzuia kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama.

Lakini mimi nayataja haya kwa sababu ya ugomvi wetu wa mabua. Desmodi hufunika udongo, huleta nitrojeni kutoka hewani, hudumu miaka mingi bila ya kupandwa upya, na hukatwa ikalisha ng'ombe. Nepia nayo ni chakula cha ng'ombe. Basi mkulima hupata majani ndani ya mipaka yake mwenyewe, na baadhi ya mabua yanaweza kubaki chini. Hii ni akili ya Ukara, ile ya kuotesha chakula cha ng'ombe kwa makusudi, pamoja na kanuni ya kufunika udongo. Si kazi nyepesi: mbegu ya desmodi ni ya kutafutwa, na msimu wa kwanza palizi yake ni nyingi. Lakini kazi hiyo hupungua mmea ukishashika.

YASIYOWEZEKANA

Haifai kusifu kupita kiasi. Kuna mambo ambayo vilimo vyote viwili haviwezi. Nitrojeni yaweza kushikwa kutoka hewani, lakini fosforasi haimo hewani. Hutoka katika mawe, nayo kila gunia linalokwenda sokoni huondoka na sehemu yake. Pale ambapo udongo una upungufu wa fosforasi tangu asili, jamii ya kunde zenyewe hudhoofika. Samadi hairudishi ila kile kilichokuwamo katika majani. Kwa hiyo mbolea ya chumvichumvi kidogo, iliyotiwa mahali pake pamoja na samadi, si dhambi. Dhambi ni kuitia juu ya udongo uchi ili mvua ya kesho iipeleke bondeni.

Tena kutopindua udongo huongeza magugu katika miaka ya kwanza. Wakulima wa Marekani wengi huyaua kwa dawa. Kwetu sisi palizi hufanywa kwa mkono, na mara nyingi ni mkono wa mama. Shauri linalomwongezea mama siku za palizi lazima limpunguzie mzigo mahali pengine, kwa mfano katika kubeba majani kutoka mbali. Vinginevyo, kama tulivyoona kwa Wakara, litaachwa.

SISI NA EKARI ZETU

Mwaka 1969 watu wa Uganda walikuwa milioni 9.5. Katika hesabu ya mwaka 2024 walikuwa milioni 45.9. Nchi haikuongezeka hata hatua moja. Kwetu Kigezi, katika miaka ya 1940, Bwana Shamba wa wilaya aitwaye Purseglove aliwahimiza watu kulima kwa kukata ubavu wa mlima na kuacha makinga, na tangu mwaka 1946 familia nyingi zilipelekwa kaskazini penye ardhi iliyokuwa na watu wachache. Makinga yale yameokoa udongo mwingi. Lakini mlango wa kuhama, ambao Wakara waliutumia na watu wa Kigezi pia waliutumia, leo ni mwembamba sana. Sisi tutakaomaliza shule tutarithi vipande, wala si malisho.

Kwa hiyo nawasihi vijana wenzangu tusibishane na wazee juu ya nani alianza. Tuwaulize badala yake: yale majani ya ng'ombe wenu yalitoka wapi, na mahali hapo leo pako wapi? Majibu yao yatatufundisha mengi ambayo hayamo vitabuni.

Na ninyi mliotutangulia, ambao sasa mna mishahara mjini na mashamba kijijini, nawaomba shauri moja. Mkitaka kuwapelekea wazazi ng'ombe, pelekeni kwanza mbegu za majani. Pandeni nepia katika makinga na desmodi katikati ya mahindi, mngoje vishike. Jengeni zizi lenye paa na sakafu isiyopoteza mkojo. Ng'ombe na awe wa mwisho kufika, akute meza imekwisha kuandikwa. Akitangulia yeye, atakula udongo wa wajukuu.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita